Dum Haijafika

Haji Wasi hakwenda nyumbani kwa Fundi Achhan. Alimngoja mlangoni pa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, watu wakihangaika kutafuta viatu vyao, akamwekea mkono begani kana kwamba baina yao hakujapita neno. Alimwambia kwamba mwanawe Taukir anaoa Kanpur, karamu ya walima itafanyika hapahapa Lucknow, na babu wa bibi harusi ameapa kwamba hatii biriani kinywani kama hakuipika Achhan, kwa kuwa aliila zamani katika ujana wake na hajaisahau. Wanaume waliokuwa karibu walisogea kusikiliza jibu. Hapakuwa na mmoja wao asiyejua kwamba Taukir huyo ndiye aliyemchumbia binti wa Fundi Achhan, na kwamba pete ilirudishwa.

Fundi Achhan aliitikia. Alifika nyumbani, akavua kofia, akaitundika msumarini, ndipo akamweleza mkewe. Kamarjahan alikuwa anachambua dengu kwenye ungo. Vidole vyake vilisimama.

"Umeitikia nini?"

"Kazi."

"Kazi," Kamarjahan alirudia, akacheka kicheko kisicho na meno. "Mtu akutemee mate usoni, halafu akuombe maji ya kusukutulia, nawe umpe, useme ni kazi."

Shaista, binti yao, alikuwa jikoni akipuliza moto. Alisikia kila neno na hakutoka.

Posa ilipofungwa, Haji Wasi alikuwa bado anauza kanzu za kudarizi kwa kuzifunga nyuma ya baiskeli. Baadaye nguo zake zilianza kusafiri hadi Dubai, nyumba yake ikapanda ghorofa, na mkewe, Begam Nuzhat, akaanza kujiziba pua kwa mtandio kila alipoingia uani kwa mpishi. Pete ilirudi mkononi mwa mke wa kinyozi, mpeleka posa wa mtaa, ndani ya mfuko wa karatasi, na salamu zikawa kwamba nyumba ya Haji Wasi haiwezi kunuka moshi. Lakini kuvunja ahadi bila sababu ni aibu, kwa hiyo sababu ikatafutwa. Begam Nuzhat akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona kwa huruma kubwa kwamba binti wa watu, maskini, ana kifua kikuu, anakohoa damu.

Lisemwalo lipo, walisema majirani. Wanawake waliokuja kumtazama Shaista kwa ajili ya wana wao walikaa ukingoni mwa kitanda, chai hawaigusi, macho kifuani kwake, wakingoja akohoe. Naye alizaliwa kwenye moshi na kukulia kwenye moshi. Alijifunza kukimeza kikohozi mpaka machozi yakamtoka, akasingizia kitunguu. Baadaye hata kazi za Fundi Achhan zikaanza kukatika, maana nani atawalisha wageni wake chakula cha nyumba yenye kifua kikuu?

"Wao ndio waliosema," Fundi Achhan alimweleza mkewe jioni hiyo. "Sasa wakila wao wenyewe, mbele ya mji mzima, na wakwe zao kutoka Kanpur, nani tena atasema hapa pana ugonjwa? Watalimeza neno lao pamoja na wali. Subiri, mama. Kila kitu kina dum yake."

"Usinitajie dum," Kamarjahan alisema. "Mimi nimetiwa dum tangu siku ile pete iliporudi. Nimezibwa unga mdomoni na kupaliwa makaa kichwani. Lini nitafunuliwa?"

Katika nyumba ile neno hilo lilifanya kazi nyingi. Dum ni pumzi. Mtu jasiri ana dum, mwoga hana, na aliyekufa amekata dum. Lakini kwanza kabisa lilikuwa neno la jiko. Nyama ikishaiva na wali ukiwa umeiva nusu, Fundi Achhan huvipanga kwa matabaka ndani ya sufuria kubwa ya shaba, akaweka kifuniko, akaziba ukingo wote kwa unga uliokandwa, akapunguza moto chini na kupalia makaa juu. Hapo mpishi hana tena la kufanya. Chakula hukaa na pumzi yake chenyewe, wali ukanywa harufu ya nyama, nyama ikanywa zafarani, mpaka kila punje isimame peke yake, laini mpaka ndani. Ukifunua mapema, pumzi imetoka na hairudi. Utabaki na wali wenye kiini kigumu juu na mchuzi wa maji chini.

Tena palikuwa na jambo moja ambalo watu wa nje hawakulijua. Macho ya Fundi Achhan yalikuwa yameingia ukungu, na pua yake moshi ulikuwa umeshaimaliza. Miaka hii ya karibuni ni Shaista aliyekuwa akiinamia sufuria, akatega sikio karibu na kifuniko, akanusa pale unga unapoanza kupasuka. Baba huuliza, "Imefika?" naye hujibu. Biriani iliyosifiwa mjini kote kuwa ya Fundi Achhan ilikuwa ikifunuliwa kwa neno la binti yake.

*

Asubuhi ya siku moja kabla ya walima, Shaista alimkuta mama yake chumbani akifungua pindo la mtandio. Ndani mlikuwa na unga wa mbegu nyeusi, na harufu yake aliijua tangu utotoni, kwa kuwa mganga wa mtaani aliwapa watu waliofunga choo, na kidogo tu kiliwatosha.

"Huo wote, Mama?"

"Wote," Kamarjahan alisema bila kuona haya. "Nataka nimwone Nuzhat akikimbia na hariri zake. Nataka wakwe wapange foleni chooni mpaka waishiwe maji."

Shaista aliuchukua. Mama yake hakushindana naye kwa mikono, alishindana kwa maneno. Alimuuliza kama anawahurumia, kama ameshasahau ile siku mama mkwe wa shoga yake alipomwaga kikombe alichokinywea yeye na kukivunja uchochoroni, mbele yake.

"Siwahurumii," Shaista alisema. "Lakini watakula watoto. Na wazee. Mtu akifa, Mama, atafungwa nani? Baba."

Akaumwaga ule unga kwenye mtaro wa maji machafu na kuusukuma kwa ufagio. Kamarjahan alikaa kitandani, akaufuta uso wake kwa pindo lililobaki tupu. Hakusema naye tena mpaka asubuhi ya pili.

*

Siku ya walima moto uliwashwa alfajiri. Ua ulijaa wanaume wa kukodi, wenye kuchanja kuni, wenye kuosha mchele, wenye kukata vitunguu kwa vikapu. Fundi Achhan alimwambia Shaista akae chumba cha ndani kwa sababu ya wanaume. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba alimwambia mara mbili, tena bila kumtazama.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, sufuria zote zilikuwa zimeshazibwa na kupaliwa makaa. Wanaume wakatoka kwenda msikitini, ua ukapwaya, ndipo baba yake akamwita.

"Sikiliza hizi."

Shaista aliinama, akapita sufuria moja baada ya nyingine. Ndani mlikuwa na mchemko mzito bado, mchemko wa maji, siyo ule mlio mkavu kama wa hariri ikikunjwa.

"Bado, Baba."

"Nami naona bado. Nakwenda kusali, nikirudi ndiyo tutafunua. Dum haijafika, mtu asiguse."

Alichukua fimbo yake, akatoka. Alikuwa ndiyo kwanza ameupinda uchochoro gari la mizigo liliposimama mlangoni, na nyuma yake gari dogo jeupe. Begam Nuzhat akateremka, na nyuma yake vijana wa ukumbi wenye matambara ya kubebea sufuria. Nguo yake ilikuwa ya rangi ya tausi, na ilimlazimu kuinua pindo ili isiguse majivu.

"Fundi yuko wapi?"

Shaista aligeuka. Begam Nuzhat alipomtambua, alirudi nyuma hatua moja, mtandio ukaenda puani wenyewe kama ulivyozoea.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Niko kwetu, Begam. Baba amekwenda kusali."

"Baba yako aliniapia." Begam Nuzhat aliwageukia wale vijana, kana kwamba ndio mahakimu. "Nilimwambia, kazi nakupa, ila yule binti asikaribie chakula cha wageni wangu. Asikiguse, asikivutie hata pumzi. Akaweka mkono kifuani, akasema sawa, Begam, hatakaribia. Kumbe amemweka hapa kama mlinzi."

Neno lile lilimwingia Shaista polepole, kama maji baridi kwenye nguo. Akaiona sasa sababu ya kuambiwa mara mbili, na sababu ya macho yaliyotazama chini. Baba yake aliitumia pua yake na sikio lake kisha akaenda kumkana mbele ya mwanamke huyu, mkono kifuani.

Begam Nuzhat hakuwa na wakati wa kumtazama. Alisema wageni wa Kanpur wamewahi kufika, wameshakaa, bibi yao mzee ana sukari na hawezi kungoja, na yeye hakulipa mpishi ili wakwe zake wakae wakitazama vyombo vitupu. Akawaamuru vijana wapakie.

"Dum haijafika," Shaista alisema.

"Nini?"

"Dum haijafika, Begam. Wali bado una kiini. Mngojeni Baba arudi."

"Dum, dum. Nyinyi wapishi neno hili mmeligeuza mlango wa kujifichia. Mkichelewa, dum. Mkiunguza, dum. Hata posa mlitaka tuitie dum, oh ngojeni kidogo, ngojeni binti amalize shule, ngojeni baba yake atengeneze paa." Alicheka kidogo, na vijana wawili wakacheka naye kwa adabu. "Namshukuru Mungu nilifunua mapema nikaona kilichomo."

Makaa yalilia juu ya vifuniko. Shaista alisikia kikohozi kikipanda, akakimeza.

"Basi nakuuliza mara ya mwisho," Begam Nuzhat alisema, "na unijibu kama mtu mwenye akili. Mpaka gari lifike ukumbini, na watu wanawe mikono, chakula kitakuwa tayari au hakitakuwa?"

Shaista alitazama zile sufuria. Aliwaza jambo moja tu, kwamba kweli ameisema mara mbili na imetemewa mate.

"Kitakuwa tayari," alisema kwa sauti ya heshima kabisa. "Chukueni."

Akayafagia yeye mwenyewe makaa yaliyokuwa juu ya vifuniko. Akawaonya vijana wasizilaze sufuria, wazishike kwa vipini, unga usipasuke njiani. Gari lilipoondoka, ua ulibaki na mafiga matupu yenye moto chini, na Kamarjahan amesimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa amesikia yote.

"Ulimwambia tayari."

"Nilimwambia."

Kamarjahan aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa nguo yake ya Idi chini ya buibui, na mkononi ameshika buibui la binti yake.

*

Fundi Achhan alirudi kutoka msikitini, na hata kwa macho yale aliyaona mafiga.

"Nani kazichukua?"

"Begam Nuzhat."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia haijafika. Akauliza tena, nikamwambia itakuwa tayari."

Baba yake alimtazama pale alipodhani uso wake upo. Hakupaza sauti. Alimwita Nanhe, mkuu wa vibarua wake, akamwambia apakie makaa kwenye mkokoteni, makaa yote, na unga uliobaki. Kisha akatangulia mbele kwa mwendo wa kukimbia, mzee yule, fimbo ameisahau ukutani.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili. Kwa msongamano wa upande wa wanawake hakuna aliyewauliza Shaista na mama yake walialikwa na nani. Wakasimama ukutani. Mbele, kwenye zulia, alikaa bibi harusi ameinamisha kichwa kwa uzito wa dhahabu, na pembeni yake bibi yake, Bibi Sughra wa Kanpur, mzee mwembamba mwenye miwani mizito. Sahani yake ilikuwa ya kwanza kupakuliwa. Alitia tonge kinywani, akatafuna, akasimama kutafuna. Akachukua punje moja, akaiweka ukingoni mwa sahani na kuibana kwa ukucha. Ikakatika kwa mlio.

"Begam," alimwita Nuzhat kwa upole, "kwenu Lucknow wali ni wa kumeza au wa kutafuna kama njugu?"

Wanawake wa Kanpur walificha vicheko ndani ya mitandio. Begam Nuzhat alionja, na rangi ikamtoka. Kwanza alisema labda sahani ile imepakuliwa juujuu. Ikaletwa nyingine, ikaja na maji chini na kiini juu. Hapo akaanza kumlaumu mpishi. Alisema watu wa aina ile ndivyo walivyo, ukiwashika mkono wanakudondosha, na kwamba kazi yenyewe waliwapa kwa huruma tu, kwa kuwa ni nyumba ya wagonjwa.

Bibi Sughra aliitua sahani.

"Wagonjwa wa nini?"

Begam Nuzhat alijua amekanyaga pabaya. Lakini jirani mmoja aliyekaa karibu, mwanamke mwenye kupenda kusaidia, akadakia.

"Binti yao ana kifua kikuu, Bibi. Begam mwenyewe ndiye aliyetueleza, zamani."

Sahani zilianza kutuliwa moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja wa Kanpur alimpokonya mkwewe mjamzito tonge kutoka mkononi.

"Ulilijua hilo," Bibi Sughra alisema, "ukanilisha mimi na wajukuu zangu?"

Shaista alitoka ukutani. Miguu yake ilikuwa myepesi kuliko alivyotarajia. Akafunua uso.

"Binti huyo ni mimi, Bibi. Naomba umuulize Begam mbele yangu. Kama mimi ni mgonjwa, basi amewalisha ugonjwa huku akijua. Kama mimi si mgonjwa, aseme ugonjwa wangu aliutoa wapi. Achague mwenyewe."

Begam Nuzhat alimtazama Shaista, akautazama mlango, akamtazama bibi harusi ambaye sasa ameinua kichwa.

"Hana kitu," alisema kwa sauti ya chini.

"Masikio yangu ni ya kizee," Bibi Sughra alisema.

"Hana ugonjwa. Yalikuwa maneno tu."

"Maneno ya nani?"

Begam Nuzhat alivuta mtandio, safari hii si puani bali machoni.

"Yangu."

"Na kwa nini mwanamke mkubwa kama wewe amsingizie binti wa mpishi?"

Aliyejibu ni Kamarjahan kutoka ukutani, polepole, kama mtu anayeramba asali kidoleni, "Kwa sababu alikuwa mchumba wa Taukir, Bibi. Mpaka walipotajirika."

Bibi harusi aligeuka akamtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia katika nyumba ile, na tayari alikuwa ameshaonyeshwa itakavyokuwa siku na yeye atakapowachosha.

*

Utamu ule Shaista aliungoja kwa muda mrefu, na ulipokuja ulikuwa mtamu kweli. Aliuhisi mpaka kwenye fizi. Ulidumu mpaka aliposikia sauti ya baba yake ng'ambo ya pazia.

Alitazama kwenye upenyo. Upande wa wanaume wageni walikuwa wamejitenga na sahani zao, na katikati amesimama Haji Wasi, uso umevimba kwa aibu, mbele ya Fundi Achhan mwenye majivu mpaka magotini. Taukir alikuwa nyuma yao, amevaa kilemba cha harusi, anachezea vidole. Fundi Achhan alikuwa anasema kosa ni lake, sufuria zilitoka kabla ya wakati, na mbili tu ndizo zilizofunuliwa, wampe kichochoro cha nyuma na muda mfupi, ataziponya zilizobaki.

"Kosa lako?" Haji Wasi alichota wali kwa mkono. "Basi kula. Kula wewe mwenyewe, watu wakuone."

Fundi Achhan alikinga kiganja. Akala. Alikuwa na meno machache, na wali ule mbichi ulimchukua muda. Wanaume wote walimtazama akitafuna, wengine wakitabasamu, mpaka alipomeza punje ya mwisho. Akajifuta mdomo kwa mkono wa kanzu.

"Sasa naomba kichochoro," alisema.

Shaista alikuwa ameshika pazia. Mama yake alimvuta buibui, akamwambia waondoke, yamekwisha, wameshinda. Shaista akaachia pazia, akapita mlango wa nyuma.

Kichochoroni Nanhe alikuwa anamwaga makaa. Sufuria ambazo hazijafunguliwa zilipangwa juu ya matofali, na Fundi Achhan alikuwa anapapasa ukingo kwa vidole, akiziba kwa unga mpya pale palipopasuka njiani. Palikuwa na kelele za magari na jenereta, na watu wamejazana, madereva, wafunga mahema, majirani wanaongojea zamu ya mwisho. Alipomaliza kupalia makaa alikaa kitako. Kisha akaanza kugeuza kichwa huku na huku, na Shaista akajua hasikii kitu, hanusi kitu, na hatamwita.

Alikwenda mwenyewe. Aliinama mbele ya wanaume wote, uso wazi, sikio karibu na shaba.

"Bado," alisema.

Wakangoja. Begam Nuzhat hakutokea tena. Kutoka ukumbini zilisikika sauti za wageni wa Kanpur wakiaga kabla ya wakati.

"Bado."

Unga ukaanza kupasuka, harufu ikatoka, watu wakageuza vichwa.

"Imefika."

Fundi Achhan akavunja unga na kufunua. Waliokula biriani ile ni madereva, na wafunga mahema, na wanawake wanaomdarizia Haji Wasi nguo zake kwa ujira wa kijungujiko, waliowekwa zamu ya mwisho. Kwa siku nyingi baadaye walisema hawajawahi kula kitu kama kile. Lakini hao si watu wanaoajiri mpishi.

*

Uvumi wa kifua kikuu ulikufa siku ileile. Nyumbani kwa Haji Wasi, wakwe wa Kanpur hawakukanyaga tena msimu wote, na yasemekana bibi harusi aliwawekea mama mkwe na Taukir masharti yake mapema, nao wakayameza. Begam Nuzhat akawa hapiti uchochoro ule, akawa anazunguka njia ndefu juani. Kamarjahan aligawa halua kwa majirani wote, na kila aliyepokea alisimuliwa upya, na kila aliposimulia Nuzhat aliendelea kufupika.

Nyumba kubwa nazo zikasema kwamba Fundi Achhan amezeeka, aliwatolea wakwe wa watu wali mbichi. Msimu wa harusi wa baridi ukaingia, na mlango wake haukubishwa. Ikabidi aende kuomba kazi kwa Fundi Shubrati, mwanafunzi wake wa zamani, akawa anamenya vitunguu pamoja na vibarua. Kila jioni Shaista alimwona akirudi ananuka vitunguu vya mwenzake. Hapo ndipo alipolia, chumbani, bila mama yake kujua. Kwa ajili ya Nuzhat hakulia hata kidogo.

Baba yake hakumgombeza. Hakumsemesha tu. Akitaka maji alimwambia Kamarjahan, hata kama mtungi uko karibu na Shaista.

Jioni moja Kamarjahan alikuwa amekwenda kwenye matanga, na nyumbani walibaki wawili. Shaista alimwekea baba yake bakuli la chai kwenye mkeka, akageuka kwenda zake.

"Aliniuliza kama utakaribia chakula," Fundi Achhan alisema ghafla, akiuambia ukuta. "Nikamwambia hutakaribia. Nilijua sisemi kweli, nilijua bila wewe hapaivi kitu. Nilitaka kazi tu, wale, tusafishike. Lilikuwa neno tu."

Shaista alisimama mlangoni.

"Na langu lilikuwa neno tu, Baba."

Fundi Achhan aliinamisha kichwa. Kisha akapeleka mkono kutafuta bakuli, akapapasa mkeka kushoto, akapapasa mbele. Shaista aliliona lilipo, karibu kabisa na goti lake la kulia. Hakulisogeza.

"Shaista," baba yake alisema mwishowe, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina lile tangu siku ya walima. "Sioni. Nipe."

Akarudi, akampa.